Makabidhiano

Karibu, bwana Hozza. Mlango unyanyue kidogo ndipo ufungike,
bawaba zake zilichoka kabla yangu.
Kiti kile usikiamini, mguu wake mmoja ni wa kuazima.
Funguo ni saba. Wa nane ulipotelea Mabokweni
mfukoni mwa karani; karani akarudi.

Nilianza na kalamu ya risasi,
msichana wa kambi ya mkonge, Pongwe,
enzi za kura ya jembe na nyumba.
Waliowaita manamba
niliwauliza majina, wakaduwaa.
Mmoja hakujua mwaka aliozaliwa.
"Niandike mwaka wa nzige," akasema.
Daftari halina safu ya nzige.
Nikamtafutia tarakimu ya kumsitiri.

Kisha kituo cha Makorora,
kisha usaidizi, kisha kiti hicho.
Fundi baiskeli aliniletea kidole cheusi kwa grisi
nikamwuliza, nitajuaje kama hujapiga?
"Bibi, mimi napiga kila siku," akasema,
"spoku haziishi."
Nikampaka wino juu ya grisi. Haukushika.
Nikamwamini.

Sasa hili halimo kwenye kanuni.
Usiku wa kuhesabu, chemli ikitoa moshi,
nilikunjua karatasi isiyo na alama
ila mwandiko wa mtu aliyeishia darasa la pili:
*kisima cha kwetu kina chura.*
Mawakala walicheka. Nami nikacheka.
Nikaiweka fungu la zilizoharibika, ndivyo sheria isemavyo,
nikapiga lakiri.
Miaka ishirini na sita najiuliza
ni kitu gani hasa kiliharibika.

Kabati la nne, rafu ya chini, kuna mwaka mmoja.
Utaujua: jumla zake ni safi mno,
hazina hata mkwaruzo wa kusahihisha.
Simu iliita saa tisa usiku, sauti yenye adabu,
ikaniulizia hali ya wanangu
kwa majina, mmoja mmoja, hadi kitinda mimba.
Nilikaa. Nikalisikiliza friji likinguruma.
Nikasaini.
Sikwambii ili unisamehe, wewe si kadhi wangu.
Nakwambia kwa kuwa rafu hiyo leo ni yako,
na simu ni hii hii, namba haijabadilika.

Uchaguzi uliofuata iliita tena.
Niliitia ndani ya sufuria, nikafunika,
ikatapatapa humo kama kaa kwenye maji ya moto
mpaka kukapambazuka
na matokeo yakabandikwa ukutani kama yalivyohesabiwa,
tofauti kura mbili.
Aliyeshinda hakunishukuru.
Aliyeshindwa alinitukana kuanzia Barabara ya Kwanza
hadi ya Ishirini, hakuruka hata moja.
Wiki ya tatu nikahamishiwa vizazi na vifo.
Miezi kumi na minne niliandika vifo,
watu watulivu, hawakatii rufaa matokeo.
Halafu wakanirudisha.
Hakukuwa na mwingine aliyejua ufunguo upi ni wa wapi.

Watakuuliza, huyu mama alikuwa mwadilifu?
Jibu unavyotaka. Mimi mwenyewe nimejihesabu mara nyingi,
na kila nikirudia napata jumla nyingine.

Mwezi wa kumi nitapanga foleni Mabawa, shule ya msingi,
na kijiti cha mswaki mdomoni kama watu wengine.
Usinipitishe mbele kwa ajili ya magoti yangu.
Nikichelewa kituturini usitume mtu,
sijaanguka.
Nitakuwa namfikiria yule chura.

Haya. Tarehe iandike kwa maneno,
tarakimu zina marafiki wengi.
Saini hapa.
Siyo hapo, mwanangu. Hapo ni pangu.